Nyumba Iliyopita Mpungani

Da Zuwena, shikamoo hii imetoka mbali, kijijini Sulawesi, Indonesia.

Ulinionya: "Usinunue nyumba huko, utatusahau." Nimeshanunua, nisamehe. Ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na huku wanalima mpunga na karafuu. Ila ardhi mgeni hauziwi, na aliyeniuzia nyumba anakitaka kiwanja chake. Mzee jirani akanikodisha kipande chake ng'ambo ya mashamba. Nikamuuliza, "Na nyumba itafikaje?" Akacheka. "Tutaibeba."

Wallahi wameibeba! Jana, baada ya sala ya Ijumaa, wanaume wa kijiji kizima walifunga mianzi chini yake, mmoja akahesabu, nyumba ikainuka. Nami nilitia bega, usinicheke. Tukapita kando ya mfereji wa maji, mwembamba kama falaji yetu ya Ibra huko Oman, nyumba ikienda kwa madaha kama bibi harusi, na kuku aliyesahauliwa ndani akitupigia kelele dirishani. Wanawake wakatupokea kwa wali wa nazi, ungedhani tuko Unguja.

Kabla hatujaitua, wakaniuliza mlango uelekee wapi. Nikasema magharibi. Wakanisifu: mgeni mcha Mungu huyu, anataka kibla! Sikuwaambia kwamba na Ibra iko upande huohuo, nawe umekaa barazani unaninunia.

Mungu akuweke, dada yangu. Mlango sijaufunga.

Nduguyo,
Saidi