Nina Lenzi Lakini Sina Kamera, na Mkuu Wangu Anasubiri Picha

Kwako Mshauri Dolphine,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Kedowa. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mhitimu wa shahada ya Kilimo, daraja la pili kitengo cha juu, na ingawa nimekuwa msomaji wa safu hii tangu nikiwa shule ya upili, sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningekuwa mimi ninayeandika, lakini jambo lililonifika limenikosesha hamu ya chakula na sina mwingine wa kumweleza bila kuaibika.

Chanzo chake ni sherehe ya kufuzu kwangu iliyofanyika nyumbani mwezi wa Desemba, ambapo kama ilivyo desturi yetu wageni waliitwa mmoja mmoja mbele ya hema watoe zawadi na kusema neno. Ilipofika zamu ya Mzee Kimotho, rafiki wa babangu ambaye aliendesha studio ya picha mjini Kericho hadi alipostaafu, alinikabidhi boksi lililochorwa kamera ubavuni, na kabla hajafungua kinywa mshereheshaji akanyakua kipaza sauti na kutangaza, "Makofi ya kilo kwa mzee! Msomi wetu amepewa kamera! Harusi zote za Kedowa sasa ni zake!" Akina mama wakapiga vigelegele, babangu akasimama kumkumbatia rafiki yake, na Mzee Kimotho, ambaye ni mtu wa maneno machache, akacheka tu akarudi kuketi.

Wageni walipoondoka nikafungua boksi. Ndani hapakuwa na kamera. Palikuwa na lenzi moja iliyofungwa kwa kitambaa laini, kioo kinene cha mviringo ndani ya pete nyeusi ya chuma, ambacho ukikiweka juu ya jani unaona hata vinyweleo vyake. Nilipaswa kusema ukweli jioni hiyo hiyo, lakini tayari mamangu alikuwa amewapigia simu shangazi zangu wote, nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kumenifikisha hapa.

Mwezi wa Januari niliomba nafasi ya mafunzo ya kazini katika kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo, na katika barua yangu ya maombi, kwa kutaka kujitofautisha na wenzangu, niliandika kwamba "ninamiliki vifaa vya kisasa vya upigaji picha." Nilichukuliwa pamoja na wenzangu wawili, na sote tunajua kwamba miezi mitatu ikiisha atabakishwa mmoja tu. Mkuu wetu, Bwana Mokaya, ndiye anayewafundisha wakulima utunzaji wa majani chai. Wiki ya kwanza aliniita ofisini akaniambia, "Wewe ndiye yule mtu wa kamera? Haya. Nataka utitiri mwekundu. Sitaki picha ya jani, nataka mdudu mwenyewe, miguu ionekane. Wakulima wananiambia ule wekundu kwenye majani ni vumbi ya barabara. Nataka niweke picha kubwa kwa ukuta wa kila kituo cha kununulia majani, wanyamaze. Ukinifanyia hiyo, barua ya kukubakisha naandika mimi mwenyewe."

Nilijibu, "Bila shaka, mkuu," na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Sasa, Mshauri, utitiri hushamiri wakati huu wa kiangazi, na mvua kubwa ikianza huoshwa majanini ukapungua, na kila alasiri nikitazama mawingu yanavyojikusanya naona kazi yangu ikiondoka. Nimezunguka na lenzi hii mfukoni kutoka Kericho mjini hadi Kapkatet nikitafuta kamera ya dijitali itakayoikubali. Muuzaji mmoja aitwaye Onchiri aliigeuzageuza akasema, "Bosi, hii yako haina meno ya kushika kamera. Ni ya kampuni gani?" Nikamwambia haijaandikwa kampuni, ina namba tu. "Basi hiyo ni ya kamera za kitambo. Zilikufa na wenyewe." Waliokuwa dukani wakacheka, nami nikacheka pamoja nao ili nisionekane nimeumia.

Nilimwendea rafiki yangu Ouko, anayetunza kamera ya kwaya ya kanisa letu, na alipogeuka kuchukua chai mimi nikaifungua lenzi yake ili niipime yangu kwenye tundu lililobaki. Nilikuwa nimeweka rula ndani kabisa aliporudi. "Wewe msomi! Unang'oa jicho la kamera ya kanisa? Pasta akikupata na hiyo rula utamwambia nini?" Vumbi liliingia, akalazimika kuipeleka isafishwe, na tangu siku hiyo ananisalimu kwa mbali.

Kuna mtu mtandaoni anayeuza kamera iliyotumika. Ananiandikia kila siku, "Hii inaingia lenzi zote duniani, tuma leo, kesho kuna mtu anaichukua." Nimefikiria kumwomba babangu auze mtamba wetu mmoja, lakini nitamweleza nini, ilhali yeye mwenyewe anaamini kwamba kamera ninayo? Na Mzee Kimotho kila tukikutana kanisani huniuliza, "Kijana wangu, umepiga ngapi?" nami hujibu, "Nyingi, mzee," naye husema, "Siku moja niletee nione." Siwezi kumwambia zawadi yake haifanyi kazi. Itakuwa kama kumrudishia mbele ya wale wageni wote.

Naomba unieleze kwa uwazi ninunue kamera gani itakayoingiana na lenzi hii, na kama ni busara kumlipa mtu huyo wa mtandaoni. Naambatisha picha mbili za lenzi yenyewe.

Wako mtiifu,
Mhitimu, Kedowa

MSHAURI DOLPHINE ANAJIBU

Kijana wangu, usiuze ng'ombe. Tukishaelewana hapo, keti tuongee.

Pole kwa mahangaiko. Barua yako imenyooka kuliko nyingi zinazonifikia, na pengine hilo ndilo tatizo lako, kwa maana unajua kupanga maneno mpaka yakakuficha. Mimi najua mambo ya ndoa na mashamba, mambo ya kamera siyajui, kwa hivyo picha zako nilimpelekea fundi ninayemwamini. Alizitazama kidogo tu. Akaniambia, "Mwambie aache kufungua kamera za watu."

Sikiliza. Hiyo si lenzi ya kuingia kwenye mwili wa kamera. Ni lenzi ya nyongeza. Inavalishwa mbele ya lenzi ambayo kamera tayari inayo, jinsi wewe unavyovaa miwani bila kung'oa macho. Ndiyo maana Onchiri hakuona meno. Ina nyuzi za skrubu kwenye ukingo, na haijali kampuni wala umri wa kamera, inajali upana wa mdomo wa lenzi itakayoishikilia. Kwenye picha yako ya pili inasomeka hamsini na mbili, ndizo milimita za upana wake, na pembeni jumlisha kumi, yaani nguvu yake ya kukuza.

Kwa hivyo ukienda dukani usiulize kampuni. Geuza kamera, tazama ukingo wa mbele wa lenzi yake, utafute duara dogo lililokatwa na mstari. Namba inayofuata duara hilo ikiwa hamsini na mbili, skrubu yako inaingia hapo hapo. Ikiwa tofauti kidogo, uliza pete ya kuunganishia, upande mmoja namba ya kamera, upande wa pili namba yako; ni kitu cha bei ya sahani ya chipsi. Rula iache nyumbani. Na zile kamera ndogo za mfukoni ambazo jicho huchomoza na kurudi ndani, nyingi hazina nyuzi zozote mbele, ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Huyo wa "lenzi zote duniani" mwombe akutumie picha ya ukingo wa lenzi yake. Akikataa, mfute kwenye simu yako.

Sasa nikuulize. Hizo picha mbili ulizonitumia, ulizipiga na nini? Simu yako, sivyo? Nami nimesoma namba ambazo ni ndogo kuliko sisimizi. Basi bandika lenzi hiyo mbele ya jicho la simu, lala chini ya kichaka ukilazimika, sogeza mpaka mdudu aonekane vizuri, na jani ulibane kwenye ubao ili upepo usilitikise. Haitakuwa picha ya ukutani, lakini itakuwa picha, na utakuwa umeipata kabla ya mvua. Umebeba dawa mfukoni hadi Kapkatet ukiuliza wapi hospitali!

Kuhusu Ouko, mwombe radhi kwanza, kisha umwombe akusomee namba iliyo kwenye kamera yake. Aisome yeye. Wewe mikono nyuma.

Mzee Kimotho umemkosea zaidi, na si kwa sababu unayoidhani. Unaogopa kwamba kumwuliza ni kukataa zawadi yake. Mtu aliyekula kwa kamera maisha yake yote hakukupa lenzi hiyo bila kujua inavaliwa wapi. Alitaka kusema siku ile, akanyang'anywa kipaza sauti, na tangu hapo anakuuliza kila Jumapili huku wewe ukimfungia mlango kwa neno "nyingi." Nenda kwake na lenzi, mwambie, "Mzee, sijui kuitumia, nifundishe." Huenda hata kamera aliyoitumia bado iko kabatini. Huenda haipo, lakini ufundi anao. Babako naye mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mwingine.

Amebaki Bwana Mokaya. Uliandika "vifaa vya kisasa" ukiwa na kioo kimoja ndani ya kitambaa. Huo ni uongo, hata kama umevaa tai, na wenzako wawili walioandika ukweli wanashindania nafasi ile ile. Jumatatu asubuhi, kabla hajakuuliza, ingia ofisini kwake na simu yenye picha bora uliyopata. Mwambie, "Mkuu, niliandika jambo lisilo kweli. Sina kamera. Nina lenzi, na hiki ndicho nimepata nayo." Anaweza kukufukuza, sitakudanganya. Lakini mtu huyu hakukuomba kamera, alikuomba miguu ya mdudu, na akiiona itakuwa vigumu kwake kutazama kitu kingine. Akikuuliza umeipigaje, usianze kumweleza habari za shahada. Mpeleke shambani, umpe lenzi aishike mwenyewe.