Kwa Mama Tabita, Aliyetuletea Chumvi

Mwaka umezunguka, Mama Tabita, tangu tulipokubeba kwa machela kwenda zahanati, nawe ukatuacha njiani kabla hatujafika. Ilikuwa Septemba 1943, Jumanne asubuhi. Majirani wa hapa Isansa waliniambia machozi hukauka. Yangu bado.

Hukuwa mtu wa kunyamaza wewe. Ulitwanga ukiimba, ukapalilia mahindi ukigombana na magugu kana kwamba yanasikia. Vita vilipomaliza chumvi madukani ulisema, "Basi tutaifuata yenyewe Ivuna," ukafunga kibwebwe ukaondoka na dada yako Ferista na wanawake wengine. Mliteremka bonde la Momba kwa siku kadhaa, mkakwangua udongo wa chumvi, mkauchuja, mkachemsha maji yake mpaka yakakauka, kisha mkapanda milima na mizigo kichwani.

Kufika tu, ukaanza kugawa! Wajane kwanza, kila mmoja na fungu lake kwenye jani la mgomba. Nilipoguna ulinijibu, "Baba Tabita, unataka niifungie sandukuni kama nguo ya sikukuu?" Leo ningetoa kila nilicho nacho unikaripie tena, hata mara moja.

Ulikuwa unatetemeka wakati ule ule wa kugawa. Tukaona ni kawaida. Kila anayetoka Ivuna hurudi hoi, na desturi yetu ni kumkalisha jikoni siku tatu, anywe uji wa ulezi, asiguse kazi. Tukakufunika mablanketi, tukakutania kwamba umeanza kupenda kudekezwa. Siku tatu nzima tulikaa na homa ya bondeni ndani ya nyumba, tukaiita uchovu. Nisamehe, mke wangu.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Asubuhi mlipoondoka, mimi ndiye niliyewaombea pale uwanjani pa kanisa, na kama ilivyo kwetu, nilimtajia Mungu hatari moja moja: simba, nyoka, maji ya mto. Zote alizizuia. Homa sikuitaja. Mwaka mzima nimejiuliza kama ni mimi niliyekuua kwa kusahau. Mungu naye nilimkasirikia, sikufichi. Chakula kilipoandaliwa, mwanetu Amoni ndiye aliyeomba. Mimi niliinamisha kichwa tu.

Sasa chumvi imekwisha tena. Wiki iliyopita wanawake walijiandaa, na Tabita akasema naye anakwenda. Nilikataa katakata. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Akacheka, Mama Tabita, kicheko chako kabisa! "Baba, hata uji unauunguza, chumvi utaiweza?"

Ndipo Ferista akaniita pembeni, akanieleza jambo alilolificha mwaka mzima kwa kuogopa kunitonesha. Kumbe jioni moja kule Ivuna simba walinguruma karibu, wanawake wakaanza kulia, na mmoja akauliza kama kweli mliombewa vizuri. Ukamwambia, "Lala wewe. Anayetulinda hakungoja Baba Tabita amweleze kwamba simba wapo." Wakacheka, wakalala. Nililia mbele ya shemeji yangu bila aibu.

Siku ya kuondoka wakaniomba niwaombee. Nilisimama nikakosa maneno, watu wakaanza kukohoa. Mwisho nikasema, "Bwana, mama yake ulimchukua, na mpaka leo sijaelewa. Huyu naye namweka kwako. Sina mahali pengine pa kumweka." Wakaitikia amina, nami nikamshika Tabita mkono mpaka wenzake waliponiambia, "Mzee, mwachie, jua linapanda."

Leo ninapoandika haya yuko Ivuna. Hofu haijaniondoka, na moyo unauma vilevile. Lakini kila asubuhi ninaomba kwa sauti, na Amoni ananisikia.

Mama Tabita, pumzika. Hakuna siku itakayopita katika nyumba hii bila jina lako kutajwa.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Boazi, mwanao Amoni, dada yako Ferista, na binti yako Tabita. Jina la Tabita nimelitia mimi, kwa kuwa hayupo. Mungu akimrudisha, atalisoma mwenyewe.