Kangaja Wako wa Bluu Yuko Kwenye Diaba

Dada Zaina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua yako bila hiyo.

Nakuandikia kwenye meza yako ya cherehani, ambayo sasa iko kwangu, hapa Chanika, Handeni. Idi yuko mgongoni, amelala. Rehema yuko chini anachora samaki kwenye boksi la biskuti. Maharage yako jikoni, kwa hiyo ukiona nimekatisha ujue nimekwenda kuongeza maji.

Sitazunguka. Kangaja wako wa bluu, yule samaki wako wa bahari, anaumwa. Ni ugonjwa ule ule uliomuua mwenzake kule Korogwe, vile vidoa vyeupe kama mtu kamnyunyizia chumvi. Pale hospitali ulinibana kidole ukasema, "Huyo usimpe mtu." Nikakuahidi. Sasa kila asubuhi, kabla sijafunua chandarua cha watoto, najiuliza kama yuko hai. Halafu naogopa kwenda kuangalia.

Ngoja nikueleze tangu tulivyokuzika.

Tulipotoka Kwaluguru makaburini, ndugu walirudi nyumbani kwako Korogwe, wakakaa kugawana vitu vyako. Vitenge vilikwenda, sufuria zilikwenda, cherehani nikapewa mimi. Tangi la samaki hakuna aliyelitaka. Shangazi alisema livunjwe, kioo kitafaa dirishani. Nikasema tangi nalichukua na maji yake na samaki wake, na nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuizoea. Baba Rehema akanitazama, akaenda kutafuta pikapu.

Kutoka Korogwe mpaka Handeni nilikaa nyuma, ndoo ya samaki katikati ya miguu, mfuniko nimeulegeza. Kila tuta nafunua. Dereva akacheka, "Mama, humo umebeba yai au bwana harusi?" Tulipofika, majirani walijaa mlangoni. Unawajua watu wa hapa na habari ya maji. Mmoja akasema, "Sisi tunashinda foleni na madumu, Mama Rehema yeye anafuga maji. Tena ya chumvi! Hata kufulia hayafai!" Nilicheka, Dada. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu uondoke, na baadaye nikaona aibu.

Alizoea haraka, bwana mkubwa wako. Nilimfungia mwani kwenye jiwe kama ulivyonionyesha, akala. Ule mgongo wake wa njano ukang'aa sebuleni mpaka watu wa njiani wakawa wanachungulia dirishani. Rehema akinywa uji lazima akae mbele yake. Aliniuliza, "Mama Mkubwa alikuwa anamwambiaje?" Nikamwambia, alikuwa anasema, "Umeamkaje, bwana mkubwa, na sura yako nyeusi hiyo?" Basi naye kila siku anasema vile vile, hata mkono anaweka kiunoni kama wewe.

Halafu ikaja arobaini yako.

Watu walikuwa wengi. Mimi nilikuwa uani na masufuria ya pilau, moshi umenijaa machoni, nikasikia makofi sebuleni. Nikajiuliza, makofi kwenye arobaini? Kumbe Mjomba Athumani amefika na lori lake kutoka Tanga. Amekuja na madumu ya maji ya bahari kama kawaida yake, Mungu amlipe, na mfuko wa nailoni wenye samaki. Nilipofika mlangoni na mwiko mkononi alikuwa ameshamimina, samaki na maji ya mfuko, vyote ndani ya tangi. Wageni wanashangilia. Mjomba machozi yanamlenga, anawaambia, "Jamani, hata huyu samaki kafiwa. Siku zote hizi mmemwacha akae peke yake? Nyumba ya msiba haina mtu wa kukaa naye?"

Ningesema nini, Dada? Mbele ya watu, mzee ametoka na huzuni yake kutoka Tanga, kamletea mfiwa mwenzie. Sisi tukifiwa tunalala kwa mfiwa, tunajazana mpaka mkeka hautoshi. Kwake yeye ilikuwa ndiyo heshima. Lakini nilisikia sauti yako kabisa, vile ulivyokuwa unasema hata kwa konokono, "Mgeni kwanza akae ndooni." Akae peke yake, aangaliwe wiki kadhaa, ndipo aingie. Nikarudi kwenye pilau, nikaliunguza.

Mgeni mwenyewe ni kangaja pia, ila wa kahawia, ana vimistari vyembamba, mdomo wake kama brashi, kutwa anapangusa kioo. Mzima. Hana hata doa. Nilimtazama siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, nikaanza kujiambia labda nina wasiwasi wa bure, labda ni uchovu wa kunyonyesha. Kisha asubuhi moja Rehema akaniita, "Mama, bwana mkubwa kamwagikiwa sukari."

Nikaenda. Vidoa kwenye mapezi, vidoa ubavuni. Anajikuna kwenye mawe, anahema haraka haraka. Mwani hakuugusa. Na yule wa kahawia anapita pembeni yake anapangusa kioo, kama vile ugonjwa ni habari za mtaa wa pili.

Hapo ndipo nilipokukumbuka ukiwa Korogwe, mwaka uliporudi na tangi hilo, baada ya yule daktari uliyekuwa unamfanyia kazi Tanga kuhama na kukuachia. Ulisimama mbele ya kioo na kovu lako la kidole gumba, ukanifundisha nikiwa nakula muhogo, nusu nakusikiliza. Ulisema hawa wote ni kangaja, wote wana kijembe pembeni mwa mkia, lakini hawakugawiwa sawa. Wa bluu ana ngozi nyepesi na ute mchache, kila kinachopita kinamshika. Wa kahawia ute wake mzito. "Kajipaka kama bamia," ulisema. Wadudu wa vidoa hivyo wakimfuata wanampata wachache tu, hawaonekani, labda wamejificha kwenye matamvua, mle anamopumulia, naye anaendelea kula. Nikakuuliza, kwa hiyo huyo ndiye wa kufuga? Ukasema ndiyo, na ndiye wa kumwogopa, maana atakuletea maradhi nyumbani huku anang'aa.

Nawatazama wanangu nakuwaza. Vumbi la Handeni likianza tu, Rehema kifua kimembana, nahangaika na mvuke na zahanati. Idi analamba mchanga na kucheka. Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja. Siku yule wa bluu alipougua Rehema naye alikuwa anakohoa, nikawa nakimbia kutoka kitandani kwenda kwenye kioo na kurudi, nahesabu pumzi za huyu na za yule. Nilikukasirikia kidogo, nisamehe. Nilisema, Dada, ungeniachia kuku.

Baba Rehema alitafuta kwenye simu, akasema kuna dawa ya shaba, tumimine tumalize. Nikakataa, kwa sababu ulisema ile inaua konokono na kamba wadogo na inabaki kwenye mawe. Akasema, "Mama Rehema, ni samaki mmoja. Mboga." Nikamtazama. Akasema, "Basi, natania." Jioni hiyo hiyo alinunua madiaba mawili makubwa, akayabeba kichwani, moja juu ya lingine, majirani wakamwuliza kama ameoa tena.

Nikafanya ile ya kuhamisha. Ulinisimulia tu, sikuwahi kuiona ikifanyika. Samaki wanatoka tangini, wanakaa diaba la kwanza na pampu ya hewa. Wadudu wakishashiba wanamwachia samaki, wanashuka chini kuzaliana. Kabla watoto wao hawajatoka, unamhamishia samaki diaba la pili, maji mapya, vyombo vingine. La kwanza unamwaga, unasugua, unaanika juani likauke kabisa. Siku ya tatu unarudia. Tena na tena, mpaka awe amewaacha wote nyuma. Na tangi linabaki bila samaki wiki nyingi, mpaka waliomo wafe njaa.

Rehema alipoona tangi halina samaki alikaa chini akaniuliza, "Naye kaenda kwa Mama Mkubwa?" Nikamshika mkono nikampeleka uani kumwonyesha.

Sasa, maji. Kila kuhamisha kunataka maji mapya ya bahari, na maji ya bahari analeta Mjomba peke yake. Akaja na madumu, akakuta samaki wake naye yuko ndani ya diaba. Akauliza, "Huyu wangu ana kosa gani? Mzima huyu! Mgonjwa ni yule. Unamfunga na mzima?" Nikampa shikamoo ya pili, nikamwekea kiti. Nikasema, Mjomba, wote wawili wanahama. Akasema mimi nimeanza lini kujua samaki kuliko watu waliozaliwa Tanga. Nikasema sijui samaki, Mjomba, namjua Zaina, na Zaina alisema hivyo, na kwangu hapa itakuwa hivyo. Dada, sijawahi kumjibu Mjomba maisha yangu yote. Aliinuka bila kumaliza chai.

Siku ya kuhamisha ikafika, Mjomba hakuja. Nilikuwa na dumu moja. Nilisimama barabarani na Idi mgongoni, kila lori linalopita na machungwa, kama la Mjomba, naangalia namba. Yule wa bluu alikuwa amelala ubavu chini ya diaba. Nilipomchota na jagi wala hakupiga mkia. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vidoa. Nilimtia kwenye maji ya dumu moja, kimo cha kiganja, nikakaa pale.

Jioni nikasikia honi. Mjomba hakushuka, utingo wake alishusha madumu yote yaliyokuwa kwenye lori, naye akasema kupitia dirishani, "Mwambie mgonjwa wako nimeleta." Kisha akazima gari. Akaja uani akachuchumaa kwenye diaba, kofia mkononi. Halafu akasema taratibu, "Mama Rehema, sema kweli. Nimemuua samaki wa Zaina?"

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Hajafa, Mjomba. Nisaidie kumimina."

Tukamimina. Tangu siku hiyo kila akipita anashuka. Anamwita yule wa kahawia "mtuhumiwa." Anamwambia, "Wewe unang'aa tu, mwenzio anateseka." Nikamwambia amwache, hana kosa kwa kuumbwa imara. Akanitazama akacheka, akasema nimekuwa kama wewe, nakemea watu huku nawamiminia chai.

Bado naogopa, Dada. Kwa sababu ulisema anayepona hupata nguvu kidogo ya kupambana siku nyingine, lakini kwa wa bluu usiitegemee, akichoka au akiogopa yote yanarudi. Kwa hiyo hata akipona sitalala vizuri. Labda ndiyo kuwa mama. Ulikuwa unaijua hali hii bila kuzaa, na mimi nilikuwa nakucheka, nasema unabembeleza samaki.

Maharage. Nimerudi.

Nikuambie cha leo, ndicho kilichonikalisha niandike. Leo ilikuwa kuhamisha kwa mwisho. Vidoa vimekwisha, lakini wiki nzima alikuwa mnyonge, anakula mwani kidogo anatema. Nilimchota na jagi, nikafunika kwa kiganja asiruke. Sikutegemea aruke. Ghafla maji yakapasuka usoni kwangu, nikasikia kitu kama wembe kwenye kidole gumba. Nikaachia jagi, kwa bahati juu ya diaba. Damu inachuruzika, Rehema anapiga kelele, Mjomba anatafuta kitambaa, na mimi nimekaa chini kwenye tope nacheka mpaka nalia. Kwa sababu nilikumbuka siku ulipopata kovu lako. Nilikuja mbio, wewe umenyonya kidole, unasema, "Akikuchana ujue mzima."

Amenichana, Dada. Hapa hapa ulipochanwa wewe. Kalamu naishika kwa shida, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Tangi litakaa bila samaki mpaka wakati wake utimie, hata Rehema alie, hata wageni wacheke. Akirudi humo hataingia mgeni yeyote bila kupitia ndooni kwanza, awe ameletwa na Mjomba, awe ameletwa na mkuu wa wilaya. Na siku nikichoka sana, nitahamisha nikiwa nimechoka. Hilo nakuahidi, na safari hii hujanibana kidole, nimechanwa.

Pumzika, Dada yangu. Asubuhi Rehema atamsalimia kwa niaba yako.

Mdogo wako,
Hadija