Bosi Aende Darasani au Afundwe Nyumbani

Bariadi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Kamwene. Shikamoo. Natumaini umemaliza kupalilia viazi na hilo goti limekuachia angalau usingizi. Baridi ya Njombe imeshashuka? Huku kwetu ni jua na vumbi, msimu wa pamba umeanza, na malori yanapita mbele ya duka tangu asubuhi. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu unaiweka sauti ya juu na Neema anasikia kila kitu. Halafu kwenye simu ungenikatiza nilipofika tu kwenye neno mbwa. Sasa soma mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Bosi amemng'ata mtu, mama. Aliyeng'atwa ni Kabula, binti wa mwisho wa Mayu Milembe, mwenye nyumba yangu; mayu ni mama kwa Kisukuma. Alikuja asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi na bakuli la michembe, viazi vitamu vile vya kukausha, kwamba mama yake amenikumbuka. Mimi nilikuwa nafagia uani. Nikasikia ukelele, nikageuka, michembe imetapakaa chini na Bosi ameushika mkono wa binti wa watu. Alishonwa, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa, ingawa cheti cha chanjo cha Bosi ninacho. Fikiria aibu hiyo. Mimi ninayeuza dawa za mifugo, ninayewaelekeza wafugaji wanaotoka mpaka Shishiyu, mbwa wangu mwenyewe ameniumbua.

Mayu Milembe hakupiga kelele. Alikuja jioni ile, akasimama mlangoni, akasema, "Mwezi huu usiishe mbwa huyu hajashika adabu. Ukiisha hivi hivi, nitawaita sungusungu wammalize, na wewe utafute nyumba nyingine."

Sungusungu ni walinzi wa mtaa, na hawana desturi ya kuulizwa mara mbili.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema, si umwue tu, mbwa ni mbwa. Lakini wewe unakumbuka habari ya yule mtu aliyeingia dukani mchana kweupe na panga, nami nikiwa peke yangu. Bosi ndiye aliyemtoa. Tangu siku ile nikimsikia anapumua nyuma ya mlango ndipo ninapoweza kufanya kazi. Na Neema anakuja shule zikifungwa. Miaka minne nimemwacha kwako, mama, na mwaka huu tumekubaliana aje akae na mimi. Nilimtaka mtoto na nilimtaka mbwa, na sikuona ninavyoweza kuwaweka ua mmoja.

Nikatafuta mwalimu. Huku wako wawili. Mmoja ni Shija, kijana anayefundisha mbwa wa walinzi. Kila Jumamosi asubuhi anakusanya mbwa na wenyewe kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, wote wanafundishwa pamoja. Wa pili ni askari mstaafu, alikuwa na kikosi cha mbwa, kila mtu anamwita Afande. Huyo anakuja nyumbani, yeye na mbwa wako tu, kama twisheni.

Shija aliniambia, "Dada, mbwa wako haishi na wewe tu, anaishi na mtaa. Mlete kwa watu." Afande akasema, "Mbwa mkorofi ukimpeleka kwenye kundi anajifunza ukorofi wa wenzake. Mwalimu mmoja, amri moja."

Nikamchukua Afande. Nitakwambia ukweli, mama, si kwa sababu ya hoja yake. Nilikuwa naona haya. Sikutaka mji mzima usimame uwanjani unyooshe kidole, yule ndiye mbwa aliyemng'ata Kabula, na yule ndiye mwenye mbwa.

Na Afande anajua kazi. Siku kumi tu, Bosi anakaa akiambiwa kaa, anatembea kando ya mguu wangu, anaacha mfupa akiambiwa acha. Nikavimba kichwa. Nikamwita Mayu Milembe aje aone. Akaja, akakaa kwenye kigoda, Bosi akafanya yote bila kosa. Yule mama akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati huo huo akaingia mke wa jirani, akamwona Mayu, akapiga magoti kumsalimia kama ilivyo kawaida ya wanawake wa huku. Bosi aliruka kama hajafundishwa neno hata moja. Afande alimdaka kwa kamba, meno yakapata kanga tu. Kanga ilichanika mpaka chini.

Mayu akaokota fimbo yake akaondoka. Afande akamfunga Bosi bila kunitazama, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kabula ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kesho yake, akasimama nje ya geti, mkono bado una bandeji. "Dada," akasema, "na mimi siku ile nilikuwa nimepiga magoti. Nilitaka nikusalimie, wewe ulikuwa umenipa mgongo."

Hapo nikaelewa. Bosi nilimwokota mnadani akiwa mdogo, pale ng'ombe wanapouzwa. Mnadani mbwa anafukuzwa kwa kuinama. Mtu anainama tu, hata kama hana jiwe, na mbwa wote wanatoka mbio kwa sababu wanajua kinachofuata. Bosi yeye hakimbii, anawahi. Kwake mtu anayeshuka chini anachukua jiwe.

Nikampelekea Afande habari hiyo. Akasema, "Binti, nimefundisha mbwa maisha yangu yote, na kote huko hakuna mtu aliyepiga magoti mbele yangu. Uani kwako tuko mimi na wewe, wote tumesimama. Hili siliwezi. Nenda kwa Shija." Nilimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa amri zake zote.

Nikaenda, haya yangu yote mgongoni. Walinzi, wachungaji wawili, akina mama wanaouza uji pale kiwandani, wote wananitazama. Shija akatuweka mwisho wa uwanja, akawaambia wale akina mama wasalimiane kwa magoti, mbali kwanza. Jumamosi ya kwanza Bosi alivuta kamba mpaka ikanichubua viganja. Nilirudi nyumbani nikijua tumeshindwa, na mwezi ulikuwa unakatika.

Jana ilikuwa ya pili. Mayu Milembe alikuja mwenyewe na Kabula. Sikumwita. Alisimama na fimbo yake pembeni, nikajua amekuja kutoa hukumu. Shija akachukua kamba mkononi mwangu. "Dada, wengine wote wameinama, wewe bado. Mbwa anamtazama mwenye mbwa. Nenda kamsalimie mama yule."

Nilitembea kumwendea nikiwa nimempa Bosi mgongo. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwamkia kwa lugha yao, "Mwangaluka, mayu." Nyuma yangu nikasikia Bosi ananguruma, kamba ikakaza, nikafumba macho nikingoja meno.

Alinitazama, kisha akasema, "Miaka minne unakaa kwangu. Leo ndiyo unanisalimia."

Mama, sikuweza kuinuka. Ni kweli. Nimekuwa nikimsalimia nikiwa nyuma ya kaunta, nimesimama, jicho liko kwenye chupa za dawa. "Habari za asubuhi mama," basi. Mtoto uliyemfunza wewe. Nilikuwa nalilaumu jiwe la mnadani, kumbe kabla ya Kabula mbwa huyu hakuwahi kuona ndani ya ua wangu mtu akiinama kwa heshima, kwa kuwa mwenye ua hakuinama. Nililia pale pale mbele ya walinzi.

Kabula akaja akapiga magoti kando yangu, na mkono wake ule. Nilipogeuka, Bosi alikuwa amesimama, manyoya ya mgongo juu. Halafu akakaa. Alikuwa anatetemeka, lakini alikaa. Mayu akatuongezea mwezi mmoja.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Neema aje kama tulivyopanga. Bosi ataondoka hapa siku moja kabla Neema hajafika, akae kwenye banda la Shija, na kila Jumamosi nitakwenda kuinama mbele yake na watu wengine wainame. Mtu mzima akiinama bado ana kimo, ila Neema akipiga magoti uso wake unakuwa sawa na meno ya mbwa, na mimi siwezi kucheza bahati nasibu na uso wa mwanangu. Shija akiniambia ameiva, atarudi. Asipoiva, asirudi. Nitalia, lakini nitalia nikiwa na mtoto wangu.

Msalimie kaka Festo na mkewe, mwambie dawa ya kupe aliyoagiza nitampa mtu anayekuja. Msalimie shangazi wa Makambako, na mjomba fundi cherehani, na mwalimu wa kwaya aliyeniulizia.

Na jambo moja zaidi. Najua ukishasoma haya utataka kumwambia Neema akifika huku asimpigie mtu magoti, kwa usalama wake. Nakuomba, mama, usimwambie. Mwache aje na salamu zake kama ulivyomfunza, maana kwangu hatapata wa kumfundisha tena.

Ni mimi binti yako,
Edina