Do ya Baba

Jaha, tangu Jumanne ile baba alipoanguka mbele ya kwaya yake, sikukanyaga tena shuleni kwake. Leo nimekwenda kuchukua kinanda chake. Heri ningebaki zangu Kibarani.

Nimemkuta Cherop anafundisha darasa la baba. Cherop huyuhuyu, aliyelia kaburini kunipita mimi mwana.

Amewasha kompyuta ile ya mazoezi ya sikio. Inapiga sauti, mwanafunzi anataja kama ni do, re au mi. Hafswa ametaja kama baba alivyomfundisha, kwamba do inahama wimbo ukianzishwa juu zaidi au chini zaidi. Kompyuta ikasema kosa. Tena kosa. Darasa zima kosa.

Unajua Cherop kasema nini?

"Poleni, wanangu. Marehemu aliwafunza vibaya."

Vibaya, Jaha. Na mimi nimesimama mlangoni.

Hafswa akamwambia, "Lakini mwalimu, hata wewe ulifunzwa na yeye." Akaambiwa akae.

Kengele ilipolia nikamfuata. "Programu hiyo unaichagulia do ihame au isihame, nawe umechagua isihame. Baba alikuonyesha sebuleni kwetu, ukinywa chai yangu."

Hakukana. Alisema polepole, "Najua, Kasiva. Lakini wakiendelea kuimba kama yeye, mwalimu mkuu ataona mimi nimefanya nini?"

Najua, alisema. Anajua.

Kinanda nimekiacha hukohuko, nikarudi zangu. Jumatatu wanaanza upya, do isiyohama, na watoto wanaamini baba aliwapoteza.