Sangara Alikula Ngozi ya Mbuzi Yetu ya Idi

Mama Hadija, salamu kutoka Jinja. Yule dereva Mkenya akifika Namatala na hadithi ya sangara, usimpe chai! Yeye na watu wote hapa mtoni wanaieleza vibaya, ati samaki alinaswa kwa ngozi ya kiatu chake. Kiatu! Nimekasirika mpaka chapati inanikwama.

Sikiliza. Mimi na huyo dereva tulikuwa tunafunga vidudu vya bandia kwenye ndoana. Yeye akakata ngozi ya kiatu chake kikuukuu, ikalala majini kama kijiti. Mimi nikafunga kipande cha ngozi ya mbuzi yetu ya Idi, na manyoya yake. Akanicheka: "Mzee, unavua ama unachinja?" Nikatupa. Manyoya yakacheza majini kama samaki mdogo, na sangara mkubwa kuliko kitanda chetu akameza! Sasa huyo mwizi anajisifu, na ile mbuzi ulilisha wewe kwa mkono wako.

Kaa salama, mrembo wangu wa makelele.

Baba Hadija

Hapo kwa kitanda niliongeza. Alitosha sufuria moja tu. Lakini ngozi ni ya mbuzi yetu, waambie Namatala yote!