Ukurasa wa 63 na Pacha Wake

Mpendwa Baba,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu yeyote, hata Mama hapo nyumbani, hata akikuuliza imetoka kwa nani. Ukimaliza, itie motoni. Najua hujawahi kuchoma karatasi maishani mwako na itakuuma kufanya hivyo, lakini hii ichome.

Nakuita Baba ingawa hukunizaa, na hapa kituo cha polisi wote walizoea hivyo. Nilipoletwa masjala na cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu, wewe ulikuwa umebakiza miezi minane kustaafu. Ulinitazama kuanzia viatu hadi nywele, ukasema, "Haya, msomi. Chuoni walikufundisha kufuta vumbi?" Nilikasirika siku nzima. Jioni ulinipa kitambaa chako cha kufutia mafaili, umekifua na kukikunja mara nne, na tangu hapo sikuwahi tena kukasirika kwa maneno yako.

Leo nimekumbuka daftari la kwanza uliloniwekea mezani. Lilikuwa jipya, la jalada gumu, linakwenda kaunta kuwa daftari la mahabusu. Nilitaka kuandika jina la kituo kwenye jalada, ukanizuia mkono. "Kwanza hesabu." Nikahesabu karatasi mia moja. Ukaniambia nihesabu tena. Kisha ukaandika namba kwa mkono wako juu ya kila ukurasa, moja hadi mia mbili, mimi nikikufunulia, ukaweka saini ndani ya jalada. Nilipouliza kwa nini tujichoshe hivyo, ulifungua katikati ukanionyesha uzi wa mshono.

"Unaona? Hii ya kushoto na hii ya kulia ni karatasi moja, imekunjwa ikashonwa. Ni mapacha. Mtu akichana mmoja, mwenzake anabaki hana cha kumshika. Anayechana huwa na haraka, haangalii upande wa pili. Wewe angalia."

Baba, sikuangalia.

Jumatatu iliyopita koplo wa kaunta aliniletea daftari la mahabusu lililojaa, nilipokee na kulihifadhi. Ni lile lile tuliloliandika namba pamoja. Aliegemea dirisha akasema, "Sista, saini basi, niwahi chai." Nilipolifungua, karatasi moja ilidondoka miguuni pangu. Ilikuwa ya ukurasa wa 57 na 58. Nikadhani imechakaa kwa kufunguliwafunguliwa. Nilifanya kile ambacho ningefanya kwa kitabu chochote: nilichukua gundi, nikairudisha mahali pake, nikanyoosha kingo kwa rula, nikaweka juu lile tofali letu la kukandamizia mafaili ili ikauke sawa. Kisha nikasaini kwamba nimelipokea likiwa kamili. Sikuhesabu. Nilikuona kabisa kichwani ukisema "kwanza hesabu", na bado sikuhesabu, kwa sababu koplo alikuwa ananitazama na sikutaka anicheke kama walivyokuwa wakikucheka wewe.

Nusu saa baadaye nikasikia sauti ya mwanamke kaunta. Ni mke wa mfugaji mmoja wa Momba, anaitwa Mama Holo. Mume wake, Ngasa, alikamatwa kwa ugomvi wa ng'ombe kuingia shambani.

"Mimi si mwongo, dada," alikuwa akimwambia askari wa kike. "Nilimuona anavuliwa mkanda hapa hapa. Kesho yake nikaleta uji, mkaupokea. Keshokutwa yake nikaleta tena, mkaupokea. Miezi miwili sasa mnasema hajawahi kuletwa. Uji wangu alikunywa nani?"

"Mama, jina halimo. Nenda kaulize vituo vingine."

"Nimekwenda vyote mpaka Mlowo. Kama mmempeleka mahali, semeni. Kama ni mgonjwa, semeni. Nina watoto wanaouliza."

Alitaja siku mumewe alipokamatwa. Nikarudi ndani, nikaondoa tofali, nikatafuta siku hiyo. Baada ya ukurasa wa 62 ukaja wa 65. Nikahesabu karatasi mara mbili, zikatoka tisini na tisa. Nikafungua kwenye mshono na kufuata uzi kama ulivyonifundisha. Pacha wa karatasi iliyokosekana ni ile ile niliyoibandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikaa chini, Baba. Ulikuwa mchana wa jua kali, malori yanapiga honi barabarani kama kawaida.

Sikumwambia mtu. Lakini nadhani nilionekana, maana jana mkuu wa kituo aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Daftari lilikuwa mezani kwake. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionitisha.

"Binti, wakaguzi wa mkoa wanakuja Jumatatu. Yule mwanamke amefika mpaka kwao. Sasa hapa kuna namba zimerukwa."

"Afande, hazikurukwa. Karatasi haipo."

"Zimerukwa. Yule mzee wako macho yalikuwa yameshakufa, sote tunajua. Aliandika 62, akaruka 65. Ni uzee tu, hakuna atakayemfunga mtu kwa uzee." Akasukuma karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba mimi, karani wa masjala, nathibitisha kuwa daftari lilitolewa na karani aliyenitangulia likiwa na kasoro ya namba. "Saini hapo, tuachane na mambo haya."

Nikasema naomba niisome kwanza. Akafungua daftari ukurasa wa 57, akapitisha kucha juu ya gundi yangu polepole.

"Na hii nani kaipaka?"

Nikaichukua ile karatasi iliyochapwa pale mezani.

"Mimi sijui gundi. Kaunta hawana gundi. Kituo kizima gundi iko kwako. Wakaguzi wakiuliza nani amechezea kitabu cha serikali, nitawajibu nini? Kazi umeipata juzi tu, binti. Mama yako anakutegemea. Kaisome, uilete Ijumaa."

Ijumaa sitakuwa nimesaini. Hilo nimeliamua leo, na nimeamua kabla ya kukuandikia ili usidhani nakuomba ruhusa. Nitasema sijaelewa aya ya pili, nitasema naumwa, nitasema chochote cha kunifikisha Jumatatu. Wakaguzi wakija nitawaambia gundi ni yangu na kosa la kusaini bila kuhesabu ni langu. Lakini nikisema peke yangu kwamba karatasi zilikuwa mia moja, itakuwa neno langu dhidi ya neno la mkuu wa kituo, na mkono wenye gundi ni wangu.

Ndipo nilipokumbuka siku ya makabidhiano.

Unaikumbuka? Tulikuwa tumemaliza makabati yote. Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda kula wali kwa mama ntilie kabla hajamaliza. Wewe ukasema bado daftari lililopo kaunta. Nikasema, "Baba, lile liko kazini, tuandike tu." Ulikwenda kaunta, ukaomba msamaha kwa askari wa zamu, ukahesabu mbele yao karatasi moja moja huku ukilowesha kidole. Yule koplo akasema, "Mzee anachambua karanga!" Wote wakacheka, na mimi, Baba, nilitazama pembeni kana kwamba sikujui. Ulipomaliza ukaandika kwenye hati kwa mwandiko wako mkubwa: daftari la mahabusu, linatumika kaunta, karatasi mia moja, zimehesabiwa mara mbili mbele ya mpokeaji. Tukasaini wote. Nakala moja ilibaki kwenye faili, moja ukakunja ukaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Nakala ya kwenye faili haipo tena. Niliitafuta jana mara baada ya kutoka ofisini kwake. Faili lipo, hati hakuna. Iliyobaki duniani ni yako.

Nakujua. Hujaitupa. Iko kwenye sanduku la bati pamoja na barua yako ya ajira na vyeti vya kipaimara vya watoto. Hati hiyo inasema hukukosea kuhesabu, na kwamba karatasi iliyokuwa na jina la Ngasa ilikuwapo. Mengine atauliza Mama Holo mwenyewe, na safari hii watalazimika kumjibu. Leo alikuja tena. Alikaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji mapajani, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Alinisalimia nilipopita. Nilimjibu, nikashindwa kumtazama usoni.

Naogopa. Nimeanza kugeuka nyuma njiani. Mtu akibisha hodi nyumbani, mama anafungua na mimi nasimama nyuma ya pazia. Lakini nikikumbuka kile kidole chako kilicholowa na vile nilivyotazama pembeni, naona aibu kuliko ninavyoogopa.

Sasa nisikilize vizuri. Usinipigie simu, waliniomba simu yangu jana "waangalie kitu" na sijui waliangalia nini. Usije kituoni kabla wakaguzi hawajafika. Barua hii imekufikia kwa mkono wa mama muuza dagaa anayekuja gulio la Isongole. Hajui iliyomo, usimuulize. Chukua hati, katoe nakala kivuli stesheneri mbili tofauti, moja uifiche kanisani kwenu. Jumamosi asubuhi panda gari la mapema mpaka Mlowo. Nyuma ya maghala ya kununulia mahindi kuna fundi cherehani mwenye mguu mmoja mfupi, ni shangazi yangu. Mwambie umeleta vipimo vya sare za kwaya. Nitakuwa chumba cha ndani tangu saa tatu, nimevaa ile sweta ya kijani uliyosema imeshonwa kwa jalada la faili.

Ikifika saa sita sijatokea, usinisubiri na usiniulizie. Hati usimwachie hata shangazi. Rudi nayo, na Jumatatu uwapelekee wakaguzi kwa mkono wako, wasaini kwamba wameipokea. Usiondoke mpaka wasaini.

Na kabla ya kutoka nyumbani, Baba, ifungue ile hati uisome tena. Hakikisha ndiyo yenyewe.

Binti yako wa masjala